Kwa nini pembe ya umbo la kuzungushwa inakomea 360, na ufanyeje ukitaka zaidi au ukitaka hasi

Swali: Habari za kazi, fundi. Natumia FreeCAD 1.0, programu ya kuchora maumbo ya 3D, kuchora pete ya kubania bomba la PVC la milimita 75, na pia kipete cha waya kinachojizungusha mara moja na robo. Amri ya Revolution, ile inayozungusha mchoro kwenye mhimili kuwa umbo, inanigomea mahali patatu. Nikiandika pembe ya 450, haipiti 360. Nikiandika -90 haikubali. Nikaweka 270 nikidhani ni kitu kilekile, lakini umbo likaja kubwa mno. Tena nikibadilisha pete kutoka 270 kwenda 360 ili niione ikiwa imefunga, kona nilizolainisha zinavurugika na alama nyekundu inatokea. Je, kuna mahali pa kuondoa hicho kikomo cha pembe?

Jibu: Nzuri, ndugu yangu. Hakuna mahali pa kukiondoa, na hata kama pangekuwapo nisingekushauri ukiondoe. Hayo matatu uliyokutana nayo yanaonekana kama tatizo moja, lakini kila moja lina sababu yake na dawa yake.

Kwanza ujue kikomo chenyewe kiko wapi. Kwenye meza ya kazi ya PartDesign, pembe ya Revolution imefungwa kati ya 360 kwa juu na, kwa chini, pembe ndogo kabisa ambayo injini ya jiometri ya FreeCAD, yaani Open CASCADE, inaitambua kuwa si sifuri: radiani 0.000000000001. Kwa hiyo sifuri haipiti, na namba yoyote hasi haipiti. Kisanduku cha pembe kinafuata mipaka hiyo. Nyuma yake kuna ukaguzi wa pili unaofanyika umbo linapokokotolewa, ndio unaotoa ujumbe wa "Angle of revolution too large" au "Angle of revolution too small". Ukiona mojawapo ya jumbe hizo na wewe hukuandika pembe kwa mkono, kagua fomula au seli ya lahajedwali inayoileta. Mara nyingi ni jumla ya pembe mbili iliyopita 360, au tofauti iliyoangukia sifuri. Dawa ya upande wa juu ni kuifunga fomula yenyewe, mfano min(Spreadsheet.pembe; 360 deg). Tenganisha kwa nukta-mkato, na usisahau kipimo cha deg, yaani nyuzi, kwa sababu FreeCAD haichanganyi namba tupu na pembe.

Sasa hiyo 450. Chukua mchoro wa msingi wa pete yako: mstatili wa upana milimita 6 na kimo milimita 10. Uzungushe kwenye mhimili mpaka nyuzi 360 na utakuwa umerudi mahali ulipoanzia. Nyuzi 90 zinazobaki zinapita ndani ya mali (nyenzo ya umbo) iliyokwisha kuwekwa. Hakuna kipya kinachoongezeka. Kinachotokea ni kwamba ngozi ya umbo inajikata yenyewe, na programu inashindwa kujua ndani ni wapi na nje ni wapi. Umbo gumu kwenye kompyuta ni ngozi iliyofungwa inayotenganisha ndani na nje. Ngozi ikijipitia, ujazo wake hauhesabiki na amri zinazofuata, kama kutoboa au kulainisha kona, hazina pa kushika. Ndiyo maana kikomo kimewekwa mlangoni, kabla hujafika huko.

Kipete chako cha waya kinaweza kujizungusha mara moja na robo katika maisha halisi kwa sababu moja tu: waya unapanda kidogo unapozunguka, ukapita juu ya mwanzo wake. Huo ni mzunguko wenye kupanda, kama uzi wa skrubu, na amri yake ni Additive Helix. Chora duara la kipenyo cha milimita 3 kwa umbali unaoutaka kutoka kwenye mhimili, kisha chagua hali ya Pitch-Turns-Angle. Weka kupanda kwa kila mzunguko kuwa milimita 4 na idadi ya mizunguko 1.25. Waya utapanda 4 × 1.25, yaani milimita 5, na ukijumlisha unene wake kipete kizima kitakuwa na kimo cha milimita 8. Kupanda huko lazima kuzidi kimo cha mchoro. Ukiweka 3 kwa waya wa 3, mzunguko wa pili unaugusa wa kwanza mstari mzima na umbo linaharibika, milimita 3.2 ni salama.

Hapo kwenye Helix kuna mtego mmoja. Kisanduku kinachoitwa Angle katika amri hiyo si pembe ya kuzunguka. Ni mwinamo wa koni, yaani kiasi ambacho mzunguko unapanuka au kubana kadiri unavyopanda. Kiache 0. Anayeandika 450 humo akidhani ndiyo nyuzi zake anapata kitu kisichoeleweka na kupoteza saa nzima akitafuta kosa kwenye mchoro.

Tuje kwenye -90 na 270, kwa sababu hapa umechanganya vitu viwili ambavyo ni rahisi sana kuvichanganya. Mshale wa dakika ukiusogeza mbele dakika 45 au ukiurudisha nyuma dakika 15, unaishia palepale. Kwa mtu anayesoma saa ni sawa. Lakini kama mshale ungekuwa umepakwa rangi mbichi, ungeacha robo tatu ya uso wa saa ikiwa imepakwa katika safari ya kwanza, na robo moja tu, tena ile nyingine, katika safari ya pili. Umbo la kuzungushwa ni ile rangi, si pale mshale unapoishia. Kwa pete yako, ambayo ndani ina nusukipenyo cha 37.5 na nje 43.5, katikati ya mstatili iko 40.5 kutoka kwenye mhimili. Ujazo ni eneo la mstatili mara njia inayopitiwa na kitovu chake: mzunguko mzima ni 60 × 2π × 40.5, yaani milimita za ujazo 15,268. Robo ni 3,817. Robo tatu ni 11,451. Ulitaka robo ukapewa robo tatu, ndiyo maana ukaona umbo limekuwa kubwa mno.

Kwenye PartDesign hasi inawekwa kwa kutia alama kisanduku cha Reversed na kuandika 90. Upande chanya unafuata mkono wa kulia: elekeza kidole gumba cha mkono huo kwenye uelekeo wa mhimili, vidole vingine vinavyokunjika vinakuonyesha umbo linakozunguka. Kumbuka uelekeo huo unatokana na mstari uliouchagua kuwa mhimili. Ukiufuta mstari wa mhimili kwenye skechi na kuuchora upya kutoka juu kwenda chini badala ya chini kwenda juu, umbo litageukia upande wa pili bila wewe kugusa pembe. Kwa sababu hiyo napendelea mhimili uwe mmoja wa mihimili mikuu ya asili, X, Y au Z, ambayo haigeuki.

Kama una fomula inayotoa hasi na chanya kwa zamu, amri ya kuzungusha iliyo kwenye meza ya Part, si PartDesign, inakubali kuanzia -360 mpaka 360. Ila umbo lake linakaa peke yake nje ya Body, yaani chombo kinachobeba hatua zote za umbo lako, kwa hiyo kwa kazi yako ningebaki na Reversed. Ukitaka umbo liende pande zote mbili za skechi, tumia chaguo la pembe mbili au kile kisanduku cha ulinganifu. Kwenye ulinganifu pembe unayoandika ni jumla: 90 inakuwa 45 huku na 45 kule. Kwenye pembe mbili, jumla yake ndiyo isiyopaswa kupita 360. Ukiandika 200 na 200, kuna nyuzi 40 zinazopanda juu ya zenzake, na tumerudi kwenye tatizo la 450.

La tatu ndilo lenye uzito zaidi, na ndilo linalowachosha watu wengi: kwa nini kona zinavurugika pembe ikifika 360. Hesabu sehemu za umbo lako mwenyewe. Kwenye nyuzi 270, pete ina nyuso sita: nne zilizotokana na pande nne za mstatili, na mbili za ncha, pale pete inapoanzia na inapoishia. Ina kingo kumi na mbili: nne kwenye ncha ya kwanza, nne kwenye ncha ya pili, na tao nne zinazounganisha ncha hizo. Ina pembe nane, yaani nukta ambapo kingo zinakutana. Ipeleke 360. Nyuso zinabaki nne, maana zile mbili za ncha zimekutana na kutoweka. Kingo zinabaki sita: duara nne kamili, na mishono miwili ambapo uso wa mviringo wa ndani na ule wa nje umejifunga wenyewe. Pembe zinabaki nne.

Kwa hiyo ulipolainisha ukingo wa ncha, FreeCAD iliandika mahali fulani kwamba kona ya mviringo iko, tuseme, kwenye Edge11. Baada ya 360 hakuna Edge11, kwa sababu hesabu inaishia 6. Toleo la 1.0, lililotoka Novemba 2024, limepunguza sana tatizo la majina ya kingo kubadilika, na tao lililogeuka duara linaweza kufuatwa. Lakini hakuna toleo linaloweza kulainisha ukingo ambao haupo tena. Vivyo hivyo kwa skechi uliyoibandika juu ya uso wa ncha, labda ili kuchora sikio la boliti: uso ukiondoka, skechi inabaki bila pa kukaa.

Dawa ni kubadili mpangilio wa kazi. Zungusha pete nyuzi 360 tangu mwanzo. Lainisha zile duara nne hapohapo, kabla ya kukata chochote. Halafu ndipo ufungue pengo, kwa kukata. Ukitaka pengo la nyuzi 90, tumia Groove, ambayo ni Revolution ya kutoa mali badala ya kuongeza. Mchoro wa Groove uufanye mkubwa kuliko pete kwa milimita 1 kila upande, yaani kutoka nusukipenyo 36.5 mpaka 44.5 na kimo cha milimita 12. Ukiuchora sawasawa na pete, nyuso za kukata na nyuso za pete zinalaliana kabisa, na kulaliana huko ni chanzo kikubwa cha mikato inayoshindwa au kuacha utando mwembamba kama karatasi. Sasa ukitaka kuiona pete ikiwa imefunga, hugusi pembe kabisa: bofya hatua iliyo kabla ya Groove kwa kitufe cha kulia na uiweke kuwa Tip, yaani hatua ya mwisho inayoonyeshwa. Kona zako zinabaki salama kwa sababu zimeshikamana na duara ambazo ukataji wa baadaye hauzibadilishi hesabu. Skechi zote za masikio ziweke kwenye bapa za asili za XY, XZ au YZ, usiziweke juu ya nyuso za pete.

Kuhusu pengo lenyewe, nina shaka kama unataka kulipima kwa nyuzi. Pete ya kubana bomba huwa na mwanya wa upana fulani, tuseme milimita 4, ili boliti ikikazwa pande zikaribiane. Ukiutengeneza mwanya huo kwa pembe, unapaswa kutumia 2 × asin(2 ÷ 37.5), yaani nyuzi 6.11, na Revolution inakuwa 353.89. Ndani utapata milimita 4 kamili. Lakini pande za mwanya zinaelekea kwenye mhimili kama kipande cha keki, na nje mwanya unafika milimita 4.64. Boliti ikikazwa, pande hizo zinaweza kukutana kwa ukingo wa ndani kwanza. Mwanya wenye pande sambamba unapatikana kwa Pocket, amri ya kukata kwa kina ulichoweka, ya mstatili wa upana wa milimita 4, iliyokatwa kwenye ukuta mmoja tu wa pete. Hiyo ndiyo ningekushauri kwa bana, na Groove uiache kwa maumbo ambayo kweli yanahitaji kipande cha keki.

Kuna hila moja inayosambazwa na watu waliochoka na tatizo la 360, nayo ni kuandika 359.99 ili ncha zisitoweke. Usiitumie. Kwenye pete yako inaacha ufa wa milimita 0.0065 ndani na 0.0076 nje. Printa ya 3D yenye pua ya milimita 0.4 haiwezi kuuchapa, na programu za kukata tabaka kwa kawaida zinauziba zenyewe, kwa hiyo huoni madhara siku hiyo. Madhara yanakuja unapolainisha ukingo unaopita hapo, kwa sababu kona ya nusukipenyo cha milimita 1 haiwezi kuingia kwenye ufa wa kama milimita 0.007. Na ukipeleka umbo kwenye hesabu za nguvu, wavu wa pembetatu unajaribu kujaza ufa huo kwa vipande vidogo mno na hesabu inakwama.

Upande wa chini ni vivyo hivyo. Radiani 0.000000000001 inakubalika kama pembe, lakini injini inahesabu nukta mbili kuwa moja zikiwa zimekaribiana chini ya milimita 0.0000001. Kwa nusukipenyo cha milimita 10, pembe hiyo ndogo inatoa tao fupi mara elfu kumi kuliko kipimo hicho. Programu imekuruhusu kuandika namba, kisha umbo lenyewe linashindwa kujengwa. Ukihitaji kipande chembamba, fikiria urefu wa tao: nusukipenyo mara pembe kwa radiani. Ukiwa chini ya milimita 0.01, jiulize kama unakihitaji kweli.

Kabla ya kulaumu pembe, hakikisha si mhimili. Ujumbe wa "Revolve axis intersects the sketch" unatokea hata pembe ikiwa sahihi, na maana yake ni kwamba mchoro umevuka mhimili. Kosa la kawaida ni kuzungusha duara zima nyuzi 180 ili kupata tufe. Kwa hesabu ya kichwani inaonekana inafaa, lakini kila nusu ya duara inasafiri upande wake na programu inakataa. Tufe linapatikana kwa nusu duara, lililofungwa kwa mstari ulionyooka ulio juu ya mhimili, likizungushwa 360. Kugusa mhimili kwa mstari ni ruhusa. Kugusa kwa nukta moja ya duara, kama tairi ambalo tundu lake limezibika kabisa, kunatoa umbo lenye nukta isiyo na unene, na hilo litakusumbua mbele ya safari hata kama amri imekubali.

Ukihamia programu nyingine, mipaka inabadilika kidogo. OpenSCAD ina rotate_extrude yenye kigezo cha angle tangu toleo la 2019.05, na inakubali hasi bila shida. Sharti lake ni mchoro wote ukae upande mmoja wa mhimili wa Y. Lakini umbo lake si tao halisi, ni vipande vilivyonyooka, na idadi ya vipande inagawanywa kulingana na pembe. Ukiweka $fn=24, yaani vipande 24 kwa mzunguko mzima, na pembe ya 30, unapata vipande viwili tu. Hata mzunguko mzima kwa $fn=24 unafanya tundu la milimita 75 libaki na 74.36 kati ya bapa na bapa, na bomba lako halitaingia. Weka $fn=180 na upungufu unashuka chini ya milimita 0.01 kila upande. Programu za Fusion na Inventor zina chaguo la mzunguko kamili lililotengwa na chaguo la pembe. Umbo likiwa la kufunga, chagua hilo badala ya kuandika 360, ili fomula isije ikakupa 359.9999 kwa makosa ya kukadiria desimali.

Mshono wa mzunguko kamili unakaa kwenye bapa la skechi. Ukiona mstari usioutaka kwenye mchoro wa TechDraw, meza ya FreeCAD ya michoro ya karatasi, ndio huo. Zima mistari ya mshono kwenye sifa za mwonekano, au tia alama ya ulinganifu ili mshono uhamie upande wa nyuma.

Ukimaliza, fungua dirisha la Python na uulize Shape.Volume ya kila hatua. Anza na pete tupu kabla ya kulainisha kona: inapaswa kukupa 15,268. Ukikata mwanya wa milimita 4 kwa Pocket juu ya pete hiyo tupu, namba inashuka mpaka 15,028. Ukiona 14,788, mkato umepita kuta zote mbili na una nusu mbili za pete badala ya bana moja. Rudi kwenye Pocket, acha kukata pande zote, na uweke kina cha milimita 10 kuanzia nje ya ukuta mmoja.